Chuo Kikuu na Mwanafunzi: Ni Nani Mwenye Deni?

Kila mwaka, majina ya waliochaguliwa kuingia vyuo vikuu yanapotangazwa, nyumba nyingi za nchi yetu huingia katika furaha na mashaka kwa wakati mmoja. Furaha, kwa kuwa mtoto amefika mahali ambapo babu zake hawakupafikiria. Mashaka, kwa kuwa sharti ipatikane ada, nauli, godoro, na fedha ya chakula mpaka mkopo utakapotoka, kama utatoka. Ng'ombe huuzwa, au kipande cha shamba. Shangazi na mjomba huombwa mchango. Na baada ya hayo yote mzazi humkabidhi mwanawe kwa watu asiowajua, nacho chuo humpokea kijana ambaye hakimjui.

Basi, twataka leo kuuliza jambo ambalo mara nyingi haliulizwi mpaka ugomvi umekwisha kutokea. Watu hawa wawili, chuo na mwanafunzi, wamepatana nini? Chuo kinamdai nini kijana, na kijana ana haki ya kudai nini kwa chuo?

Wako wanaofikiri kwamba chuo kikuu ni duka. Nimelipa, nipe cheti. Wako wengine, na hasa miongoni mwetu sisi wazee, wanaofikiri kwamba chuo ni kama nyumba ya baba mkali: mtoto anyamaze, ale anachopewa, akifukuzwa aondoke. Twaona kwamba mawazo yote mawili yamepotoka, na historia ya vyuo vikuu vyenyewe yatuonyesha hivyo tangu mwanzo.

Kwanza tulitazame jina. Katika Kilatini cha zama za kati, neno universitas, ambalo ndilo lililozaa jina la chuo kikuu katika lugha nyingi za Ulaya, halikuwa na maana ya majengo, wala ya elimu zote kwa jumla. Lilikuwa na maana ya kundi la watu waliofungamana kwa kiapo, wenye kanuni zao na viongozi wao. Wasomaji wetu wa Kilimanjaro na Bukoba, waliokulia katika vyama vya ushirika vya kahawa, watalielewa upesi kuliko wengine. Chuo kikuu kilianza kuwa chama kabla hakijawa na nyumba.

Huko Bologna, katika Italia, chama hicho kilikuwa cha wanafunzi wenyewe. Hawa hawakuwa watoto. Wengi walikuwa watu wazima waliotoka nchi za mbali kusoma sheria, na wengine walikuwa tayari na vyeo katika Kanisa. Kwa kuwa walikuwa wageni mjini, bila ulinzi wa sheria za mji, waliungana ili wasinyanyaswe na wenye nyumba za kupanga wala kutozwa bei za uonevu. Halafu wakageuza nguvu yao kwa walimu. Walimchagua kiongozi wao, naye mwalimu alipaswa kuapa kumtii. Mwalimu alipochelewa kuanza somo alitozwa faini. Alipopitisha saa yake alitozwa faini. Alipoiruka sehemu ngumu ya kitabu cha sheria, akijidai kwamba atairudia baadaye, alitozwa faini vilevile. Akitaka kutoka mjini hata kwa siku chache, sharti aombe ruhusa na kuweka amana ya kuonyesha kwamba atarudi. Yote hayo yaliwezekana kwa sababu moja: mshahara wa mwalimu ulitoka katika mifuko ya wanafunzi.

Hatusemi kwamba mtindo huo urudishwe. Mwalimu anayeogopa faini ya wanafunzi wake hatathubutu kuwaambia kwamba hawajui kitu. Lakini yafaa tuangalie jinsi ulivyokwisha. Serikali ya mji ilianza kuwalipa walimu mishahara, ili wasihamie miji mingine pamoja na wanafunzi wao. Na kadiri fedha ya mji ilivyoongezeka, ndivyo sauti ya wanafunzi ilivyopungua. Hapo pana fundisho kwa nchi yoyote ambayo serikali yake hulipia masomo. Fedha ikitoka kwingine, mwanafunzi hana tena mkoba wa kumlazimisha mtu, na haki zake hubaki juu ya kanuni zilizoandikwa na juu ya dhamiri za wanaozitekeleza.

Mjini Paris mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Huko chama kilikuwa cha walimu, na wanafunzi walikuwa chini ya walimu wao. Mwaka 1229, katika siku za sherehe kabla ya Kwaresima, kikundi cha wanafunzi kiliingia katika kilabu cha mvinyo mtaa wa Saint-Marcel, nje ya kuta za mji, na ukazuka ugomvi juu ya malipo. Wanafunzi wakapigwa na watu wa mtaa. Kesho yake wakarudi wengi zaidi na marungu, wakavunja kilabu na kuwajeruhi watu. Malalamiko yakafika kwa Malkia Blanche, aliyetawala kwa niaba ya mwanawe Louis, naye akawatuma askari. Askari wakawakuta wanafunzi waliokuwa nje ya mji, ambao inasimuliwa kwamba hawakuwamo hata katika ugomvi ule, wakawaua kadhaa.

Walimu walidai haki itendeke, wasisikilizwe. Wakafunga masomo wakatawanyika. Wengine walikwenda Toulouse, wengine Angers na Orléans, na Mfalme Henry III wa Uingereza akawaalika nchini mwake. Paris ilikaa kama miaka miwili karibu bila chuo.

Papa Gregori IX ndiye aliyemaliza shauri hilo kwa waraka wa tarehe 13 Aprili 1231, unaojulikana kwa maneno yake ya kwanza ya Kilatini, Parens scientiarum, yaani mzazi wa elimu. Waraka huo wastahili kujulikana na kila familia inayompeleka mtoto chuoni, maana hauupendelei upande mmoja. Kwa upande wa chuo, uliwapa walimu na wanafunzi uwezo wa kujitungia kanuni za masomo, za mavazi, na hata za kodi za vyumba. Nao uliwaruhusu kusimamisha mafundisho endapo mmoja wao ameuawa au kudhulumiwa vibaya na wakuu wamekataa kutenda haki. Kadhalika ulimkataza mkuu aliyetoa idhini ya kufundisha asidai malipo wala ahadi yoyote kwa yule anayestahili kuipata. Lakini waraka uleule uliwakataza wanafunzi kutembea na silaha. Tena ulisema kwamba mtu anayejiita mwanafunzi, naye hahudhurii masomo wala hana mwalimu anayemtambua, asiwe na sehemu katika haki za wanafunzi.

Huyo mtu wa mwisho twamjua sote. Yupo hata leo.

Katika waraka huo twaona kwamba haki za mwanafunzi zimefungwa pamoja na kazi yake ya kusoma. Anazo haki kwa sababu anasoma. Akiacha kusoma, amezitupa mwenyewe. Lakini pia twaona kwamba haki hizo si zawadi ya mkuu mwema, anayeweza kuziondoa asubuhi akiamka na hasira. Zimeandikwa, na aliyedhulumiwa ana mahali pa kuzidai.

Tutoke Ulaya sasa, turudi kwetu. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza katika jumba la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alitoa mfano ambao wazee wengi wanaukumbuka. Alimlinganisha mwenye elimu ya juu na mtu wa kijiji chenye njaa, ambaye wenzake wamempa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea kingine. Akikila akasahau kurudi, huyo ni msaliti.

Miaka miwili baadaye mfano huo ulipata majaribu. Serikali ilitaka wahitimu watumike katika Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili: sehemu kambini, na sehemu iliyobaki katika kazi zao za kawaida kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu, wengine wakiwa wamevaa majoho ya chuo, na mabango mengine yalidiriki kusema kwamba afadhali ukoloni. Rais aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza palepale kwamba atapunguza mishahara ya wakubwa akianzia na wake mwenyewe. Wanafunzi zaidi ya 300 wakarudishwa makwao. Mwaka 1967 wengi wao waliruhusiwa kurudi.

Watu wamebishana juu ya siku ile kwa muda wa nusu karne na zaidi. Maoni yetu ni haya. Juu ya deni, Mwalimu alisema kweli, na wale walioandika kwamba ukoloni ni bora walistahili kuona haya. Wakulima wa nchi nzima walikuwa wamewalipia kitanda, kitabu na mchele. Hata hivyo, kuuliza masharti ya utumishi si usaliti. Mtu anayetakiwa kutoa miaka miwili ya maisha yake ana haki ya kueleza jinsi anavyoyaona masharti hayo, na mwenye kuyaweka ana wajibu wa kujibu hoja. Twafikiri pia kwamba kukata mishahara ya wakubwa siku ileile kulionyesha kuwa vijana, pamoja na ufidhuli wao, walikuwa wamegusa jambo la kweli.

Historia haikuishia hapo. Mwezi Mei 2016, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati waliamriwa kuondoka chuoni ghafla, baada ya walimu wao kuacha kufundisha kwa sababu ya madai ya malipo. Wengi wao walikuwa vijana waliotoka kidato cha nne, nao walitapakaa katika kituo cha mabasi na mabegi yao, wengine bila nauli. Baadaye walielezwa kwamba baadhi yao hawakuwa na sifa za kuwamo katika mpango ule, na wengi wakapangiwa vyuo vya ualimu. Na tuseme ni kweli kwamba wengine hawakustahili. Ni nani aliyewapokea? Ni nani aliyewaandikia barua za kuwaita? Mkulima akipokea mbegu mbovu ghalani kwa chama chake, hatuanzi kwa kuilaumu mbegu. Na zaidi ya hilo, ugomvi wa malipo ulikuwa baina ya walimu na mwajiri wao. Waliolala nje ni wale ambao hawakuwamo katika ugomvi, kama walivyouawa kule Paris wale ambao hawakuvunja kilabu.

Kwa hiyo, jambo la kwanza ambalo mwanafunzi ana haki ya kulidai ni jepesi sana kulitaja. Ni mwalimu darasani. Aliyeahidiwa somo la miaka mitatu apewe somo la miaka mitatu, kwa walimu wanaolijua, katika kozi ambayo Tume ya Vyuo Vikuu imeikubali. Asifike mwaka wa pili ndipo aambiwe kwamba kozi yake haitambuliwi. Hapa twawaomba wazazi wasiwe wavivu. Tume hiyo, iliyoanza kazi mwaka 2005, hutoa majina ya vyuo na kozi zilizoruhusiwa. Kuyatazama ni kazi ya nusu saa, nayo yaweza kuokoa ng'ombe wawili.

Haki ya pili ni kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Katiba yetu, ibara ya 13, yaitaja haki hiyo kwa kila mtu, wala haikusema isipokuwa wanafunzi. Mwaka 1723 mahakama ya Uingereza iliamua shauri la Richard Bentley, mtaalamu mkubwa wa Kigiriki, ambaye Chuo Kikuu cha Cambridge kilikuwa kimemnyang'anya digrii zake bila kumwita ajitetee. Hakimu mmoja alikumbusha kwamba hata Mungu hakumfukuza Adamu bustanini kabla ya kumwita na kumwuliza amefanya nini. Bentley alirudishiwa digrii zake. Tangu hapo mfano wa Adamu umetajwa mahakamani mara nyingi, na twasikitika kuona kwamba katika ofisi za vyuo hautajwi mara nyingi hivyo.

Jambo la tatu twalisema kwa uchungu. Alama za mtihani si mali ya mwalimu. Yeye ni mpimaji tu, kama yule anayesimama kwenye mizani ya kahawa. Anayemwambia binti wa watu kwamba alama zake ziko chumbani kwake ameiba mizani yenyewe. Sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, yamtaja mtu wa namna hiyo waziwazi, naye ni mhalifu hata kama binti amenyamaza. Lakini kwa nini mabinti hunyamaza? Mara nyingi ni kwa sababu wanajua maneno yatakayowapokea nyumbani: ulivaa nini, ulikwenda kutafuta nini. Mzazi akitaka chuo kiwe salama, na aanze kwa kuifanya nyumba yake iwe mahali ambapo binti aweza kusema.

Tumesema mengi juu ya chuo. Sasa kijana naye.

Ada haimnunulii mtu cheti. Mgonjwa anayelipa hospitali amelipia uangalizi wa daktari, wala hakununua uzima; na mwanafunzi amelipia mafundisho, na kupimwa kwa haki. Kupimwa kwa haki maana yake ni pamoja na kuambiwa kwamba umeshindwa. Kijana aliyekaa miezi minne bila kuingia maktaba, kisha akashindwa, kisha akaandika bango, huyo hatumtetei. Yeye ni yule wa Papa Gregori.

Wala hatumtetei anayenunua kazi iliyoandikwa na mwingine. Zamani ilikuwa kunakili kwa rafiki. Halafu vikaja vibanda vya kuchapisha ambako tasnifu nzima hupatikana kwa bei inayojulikana. Siku hizi iko mitambo ya akili bandia inayoandika kurasa kumi kabla chai haijapoa. Wengine huuliza, kuna ubaya gani, mradi kazi ni nzuri? Ubaya ni kwamba cheti ni ushahidi. Chuo kinasimama mbele ya taifa zima na kusema: mtu huyu anajua kupima dawa, anajua kujenga daraja, anajua kufundisha hesabu. Mwanafunzi aliyedanganya amekifanya chuo kiwe shahidi wa uongo, na anayelipa ni mgonjwa wa wilaya ya mbali, ambaye hana njia ya kujua. Tena amewaibia wenzake waliosoma kwa kweli, maana waajiri wakianza kukitilia shaka cheti kimoja huvitilia shaka vyote.

Liko pia deni la fedha lenyewe. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Tangu mageuzi ya mwaka 2016 aliyekopeshwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Ni mzigo, hatukatai, hasa kwa mwalimu kijana anayewatunza pia wadogo zake. Nayo Serikali iliona hivyo kwa sehemu, kwani mwaka 2021 iliondoa ile tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa kwa jina la kulinda thamani ya mkopo. Lakini kulikimbia deni lenyewe ni jambo lingine. Fedha inayorudi ndiyo inayompeleka chuoni mtoto mwingine, na yule mwenye kazi nzuri asiyelipa amekila chakula cha kijiji.

Mwisho, neno kwa wazazi, maana ninyi ndio mnaotusoma. Kijana wa chuo kikuu amekwisha pita miaka 18. Mbele ya chuo yeye ni mtu mzima, na sahihi iliyo kwenye fomu ni yake. Kwa hiyo kabla hajaondoka, mwambieni aombe kanuni za chuo, nanyi mzisome pamoja naye jioni moja: ada inarudishwa lini na lini hairudishwi, mtihani ukikosewa kusahihishwa anakata rufaa wapi, chumba cha bweni kinapotea kwa makosa gani. Na ikitokea siku moja amepiga simu akilia kwamba amesimamishwa masomo, msianze na fimbo, wala msianze na kumlaani mkuu wa chuo. Mwulizeni kama amepewa barua. Barua hiyo inataja kosa gani, na kanuni ipi? Aliitwa ajieleze mbele ya kamati? Siku ya mwisho ya kukata rufaa ni lini? Kisha aandike rufaa yake usiku uleule, kwa adabu na bila kuficha kosa lake kama analo, aipeleke kwa mkono, apate mhuri wa kupokelewa, na nakala moja aitume nyumbani.